UZI: Kukarabati papi za mbao zilizochakaa kwenye madirisha ya nyumba kongwe za Mikindani

Mleta uzi (Mikindani)

Ndugu wanajukwaa, amani iwe nanyi.

Naleta uzi huu kwa sababu katika miaka ya karibuni nimeona madirisha ya mbao yakitolewa kwenye nyumba za mawe hapa Mikindani na kuishia jikoni kama kuni, ilhali sehemu kubwa ya mbao zake bado ni nzima kabisa. Mara nyingi kilichooza ni upapi wa chini peke yake, pengine na shubiri moja ya mwimo (mhimili wa pembeni wa fremu) ulio juu yake. Nyumba aliyotuachia bibi mzaa mama ina madirisha tisa, na fundi wa kwanza tuliyemwita alitushauri tuyang'oe yote tuweke ya alumini. Hatukukubali. Kwa viangazi vitatu nimekarabati saba kati ya hayo, nikianza kama msaidizi wa fundi mzee mwenye ujuzi mkubwa na kumalizia kwa mikono yangu mwenyewe, na ningependa niliyojifunza yawafae wenye nyumba za aina hii hapa Mtwara, Lindi na hata Kilwa.

Upapi ninaouzungumzia ni ule ubao mwembamba unaozunguka fremu ya dirisha na kufunika mwanya ulio kati ya fremu na ukuta. Kwenye nyumba zetu kongwe haukuachwa bapa. Ulipigwa randa maalumu ukapata mgongo wa mviringo na mfereji mmoja au miwili, na kwa waliokuwa na uwezo ulichongwa nakshi. Wengi hudhani ni urembo tu, kumbe ndio unaozuia maji ya mvua yanayoteremka ukutani yasiingie nyuma ya miimo. Upapi ukichakaa, fremu haina kinga.

Mwaka wa kwanza nilikosea, na kosa lenyewe nimeliona likirudiwa karibu kila mtaa. Nilikwangua sehemu iliyooza, nikajaza puti niliyoichanganya na unga wa msumeno na gundi nyeupe, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya mafuta. Dirisha lilipendeza. Masika yalipokwisha, puti yote ilibanduka kama gamba, na mbao iliyokuwa chini yake ilikuwa laini kuliko nilivyoiacha. Nilikuwa nimeziba jeraha bila kuuliza maji yanatoka wapi.

Maji yalikuwa yakitoka ukutani. Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunywa maji wakati wa mvua kisha ukayatoa taratibu kupitia uso wake wote jua linapowaka. Miaka mingi iliyopita mtu aliziba nyufa za pembeni mwa dirisha letu kwa saruji. Saruji hairuhusu unyevu kupita kama chokaa ipitishavyo, kwa hiyo maji yaliyokuwa ndani ya ukuta yalitafuta mahali pengine pa kutokea, na mahali hapo palikuwa mbao. Ubao unaokaa na unyevu uliozidi takriban asilimia 20 ni chakula cha kuvu, hata uwe mgumu kiasi gani. Mvule na msaji hustahimili muda mrefu, lakini hakuna mti ambao utadumu ukilowekwa kila mwaka kwa miezi mitano.

Kwa hiyo kabla hamjashika patasi, simameni nje mvua inaponyesha mkatazame. Je, upenu unafika mbali ya kutosha? Je, kizingiti cha chini kimeinama kuelekea nje, au kimelala bapa na maji yanatuama? Kizingiti kizuri huteremka kiasi cha sentimita moja kwa kila sentimita nane au kumi za upana, na upande wake wa chini, karibu na ukingo, huwa na mfereji mwembamba ambao hulifanya tone lidondoke badala ya kutambaa kurudi ukutani. Madirisha yetu yote yalikuwa na mfereji huo, lakini kwenye manne ulikuwa umejaa rangi ya miaka na miaka hadi ukatoweka. Kuuzibua kwa patasi nyembamba kulichukua muda mfupi tu, nami naamini ndiyo kazi yenye faida kuliko zote nilizofanya.

Kupima ubao kunahitaji kisu chenye ncha na subira. Chomeka ncha kwa mshazari kisha inua. Ubao mzima huinuka kwa vibanzi virefu vyenye sauti ya kukatika. Ubao uliooza hukatika vipande vifupi, kimya, kama mhogo uliochemshwa. Weka alama kwa penseli kila unapofika penye uzima, kisha ongeza sentimita tatu hadi tano, kwa maana kuvu hutangulia mbele ya macho. Zingatia zaidi ncha za mbao, pale ulimi wa ubao mmoja unapoingia kwenye tundu la mwingine, kwani ubao hunywa maji kwa ncha zake haraka mno kuliko kwa ubavu.

Wakati wa kazi nao una umuhimu. Mvua zetu za kusini ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mimi huanza Julai na kujitahidi kumaliza mwishoni mwa Septemba, kabla watu hawajaelekea mashambani kwenye korosho, kwa sababu wakati huo hata kijana wa kukushikia ngazi hapatikani. Ubao uliofungwa rangi ukiwa na unyevu wa masika utaoza ukiwa ndani ya rangi hiyo.

Sasa nije kwenye kukata. Fundi aliyenifundisha alikuwa na kanuni moja aliyoisimamia bila kuyumba: kiraka hutengenezwa kwanza, tundu baadaye. Sisi wengi hukata sehemu iliyooza kisha tukahangaika kutengeneza kipande cha kuingia humo. Yeye alichonga kipande kizima, akakiweka juu ya sehemu mbovu, akakizungushia mstari wa kisu, ndipo akakata ndani ya mstari huo kwa patasi. Kipande kiliingia kwa kugongwa taratibu na kiganja, bila mwanya wa kupitisha hata wembe. Pande zake zilipanuka kidogo kuelekea ndani, na alikisukuma kutoka ubavuni ili kisiweze kutoka kwa mbele. Nyuzi za kiraka sharti zielekee kule zinakoelekea nyuzi za ubao wa zamani, la sivyo kila kimoja kitavimba na kunywea kwa njia yake na kiungo kitafunguka. Acha kiraka kisimame juu kwa milimita moja, kisha kishushe kwa randa baada ya gundi kukauka.

Iwapo upapi umeoza kwa urefu wa zaidi ya theluthi moja ya upande, kiraka hakifai. Hapo huunga kipande kipya kwa mkato wa mshazari mrefu, urefu wa mkato ukiwa mara nane ya unene wa ubao, na kwenye miimo mkato huo uteremke kuelekea nje ili maji yakipenya yatoke yenyewe.

Mbao za kuungia ni vyema ziwe za jamii ileile. Madirisha ya bibi ni ya mvule, mti ambao zamani ulikatwa kwa wingi kwenye uwanda wa Rondo, mkoani Lindi. Mimi hutafuta vipande vya milango na vitanda vibovu, kwa sababu mbao hizo zimekwisha kukauka miaka mingi na hazitajikunja. Mninga ni mbadala mzuri kwani hauchezi sana unapopata na kupoteza unyevu. Mkongo ni imara mno, ila utamaliza makali ya patasi zako. Mkinunua mbao mpya, hakikisheni muuzaji ana nyaraka halali za mazao ya misitu, msije mkapata usumbufu njiani.

Nitaendelea na namna ya kupata umbo la mgongo wa upapi, ambalo ndilo swali ninaloulizwa zaidi.

Mleta uzi (Mikindani)

Naendelea.

Randa zilizotengeneza papi hizi hazipo tena, au zipo kwenye masanduku ya watu wasiojua ni za nini. Lakini umbo lolote la upapi linaweza kurudishwa kwa kipande cha msumeno wa chuma uliokwisha makali. Kata upapi wa zamani kwa msumeno mwembamba mahali ambapo utaondolewa hata hivyo, ingiza kadi ngumu ndani ya mkato huo, kisha pitisha penseli kufuata mgongo na mifereji. Kadi ikishachorwa, hamishia mchoro kwenye kipande cha msumeno na uukate kinyume kwa tupa ya duara na tupa bapa: penye mgongo kwenye ubao, chuma kiwe na shimo, penye mfereji, chuma kiwe na ulimi. Ukingo uachwe wa mraba, usinolewe kama kisu.

Kibane chuma hicho kati ya vipande viwili vya mbao ngumu kwa skrubu, kimoja kikiwa na bega la kuegemea ukingo wa upapi ili chombo kisitangetange. Halafu kwangua. Laza chombo kidogo kuelekea unakosukuma, usitumie nguvu nyingi, na anzia mwisho wa ubao ukirudi nyuma taratibu. Mara ya kwanza inaonekana kama unachuna vumbi tu. Baada ya robo saa mgongo unaanza kuonekana, na chombo kinajizuia chenyewe kukata pale umbo linapokamilika. Upapi wenye urefu wa mita moja na robo hunichukua karibu saa mbili. Nilipoweka wa kwanza kando ya wa zamani na dada yangu akashindwa kuonyesha upi ni mpya, nilikaa kizingitini nikauangalia hadi adhuhuri.

Kuhusu gundi: gundi nyeupe ya kawaida haifai nje, hulainika ikilowa. Tumieni gundi ya mbao isiyopitisha maji, au epoksi. Msaji una mafuta yake ya asili, kwa hiyo uso wa kuungia ufutwe kwa tina kabla ya gundi. Epoksi hukamata haraka kwenye joto letu. Changanyeni kidogo kidogo, alfajiri. Misumari ya kawaida hula kutu kwa hewa ya chumvi na kuupasua upapi kutoka ndani, ndiyo maana napendelea skrubu za shaba au vigingi vya mbao.

Mchangiaji (Lindi mjini)

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo yenye kina. Nyumba yetu hapa Lindi ilikuwa ya duka chini na makazi juu, na madirisha yake ya ghorofani yana papi za namna unayoieleza. Nina maswali mawili. La kwanza: upapi wetu haukuoza, bali umebunguliwa, asubuhi tunakuta chini yake punje ndogo kama mchanga wenye rangi ya mbao. Je, nao unakarabatika? La pili: ndugu zangu wanashikilia kwamba alumini haihitaji matunzo, na sina jibu la kuwapa.

Mleta uzi (Mikindani)

Ndugu yangu wa Lindi, punje hizo ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, ambao hawahitaji udongo wala njia ya matope kama mchwa wa kawaida. Gonga upapi kwa mpini wa bisibisi kila baada ya sentimita chache. Panapolia kitupu, kata uondoe hadi penye sauti ngumu, uchome vipande hivyo siku hiyohiyo. Ubao unaobaki upakwe dawa ya mbao yenye boroni ukiwa mtupu, kabla ya rangi, kwa kuwa dawa hiyo hupenya vyema kwenye mbao isiyopakwa kitu lakini huoshwa na mvua ikiachwa wazi. Kagua na vizingiti vya milango iliyo jirani, kwani mara nyingi wadudu hao hawaishi kwenye ubao mmoja.

Kuhusu alumini, waambie ndugu zako wasimame mbele ya dirisha la kuteleza wahesabu ni kiasi gani kinachofunguka: ni nusu tu, nusu nyingine daima imefunikwa. Dirisha la mbao lenye mabawa mawili hufunguka lote, na nyumba hizi zilijengwa zikitegemea upepo wa kusi na kaskazi kupita kutoka chumba hadi chumba. Isitoshe, fremu ya alumini ikiharibika kona moja, hubadilishwa nzima. Ya mbao huwekwa kiraka. Sisemi mbao haihitaji matunzo. Inayahitaji, na nusu siku kila mwaka inatosha.

Mchangiaji, fundi wa mashua (Msangamkuu)

Nimeusoma uzi huu kwa furaha, kwa sababu mambo mengi yanayosemwa ndiyo tunayoyafanya kwenye mashua. Naongeza mawili, na la tatu ni onyo.

Mwanya uliopo kati ya fremu na ukuta msiujaze kwa saruji wala kwa povu linalouzwa kwenye makopo. Mimi nimeujaza kwa usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) uliosokotwa, nikausindilia kwa patasi butu kama tunavyotia kalafati kuziba nyufa za mashua, kisha nikafunika kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga safi usio na chumvi. Usumba hauozi upesi, na unaifuata mbao inapovimba na kunywea.

Pili, watu wasipake sifa (mafuta ya samaki) kwenye madirisha kwa kuwa wameona tukiipaka mashua. Sifa ni nzuri kwa mbao inayokaa majini, lakini rangi haishiki juu yake, na harufu yake ndani ya nyumba mnaijua.

Onyo langu linahusu mafuta ya maganda ya korosho. Ni kweli huzuia mchwa, na sisi tunayatumia. Lakini yanaunguza ngozi vibaya, malengelenge yake huchukua muda kupona, na nimeona kijana akiharibu mikono yote miwili kwa kudhani ni mafuta kama mengine. Atakayeyatumia avae glavu na miwani, apake upande wa upapi unaoelekea ukutani tu, na watoto wasiwe karibu.

Mchangiaji (Shangani, Mtwara)

Naomba kuongeza jambo la kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mlango wowote wa mbao, au fremu ya mlango, uliochongwa barani Afrika kabla ya mwaka 1940. Kwa hiyo mwenye nyumba anayekarabati madirisha akifika kwenye mlango wenye nakshi, asiung'oe wala kuuza vipande vyake kabla ya kuwasiliana na Idara ya Mambo ya Kale. Wapo wanaopita mitaani wakinunua papi za milango kwa bei ya kuni, na wenye nyumba hawajui wanachokitoa. Kwa wanaodhani nyumba iliyofikia hali ya gofu haiokoleki, watazame Boma la Mikindani lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895: lilikuwa gofu, na leo ni hoteli.

Swali langu kwa mleta uzi: unaondoaje rangi ya zamani bila kuharibu nakshi, na unapaka nini baada ya hapo?

Mleta uzi (Mikindani)

Namshukuru fundi wa Msangamkuu; la usumba sikulijua, na nitalifanya kwenye madirisha mawili yaliyobaki. Namshukuru pia ndugu wa Shangani.

Rangi ya zamani isiondolewe kwa moto wala kwa msasa mkavu. Rangi nyingi za miaka ya nyuma zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na vumbi au moshi wake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na kina mama wajawazito. Lowesha, kwangua ikiwa mbichi, tandika turubai chini, vaa barakoa, kisha kusanya mabaki yote. Yasifagiliwe uani ambako kuku na watoto hukaa. Kwenye nakshi mimi hutumia vijiti vya mianzi vilivyochongwa ncha, kwa kuwa mwanzi hauachi mikwaruzo. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Dirisha moja lenye maua ya yungiyungi lilinichukua siku nne.

Baada ya hapo osha mbao kwa maji baridi yasiyo na chumvi, jambo ambalo sisi wa pwani hulisahau. Chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari hujificha kwenye vinyweleo vya mbao na kuvuta unyevu hata siku kavu, na rangi iliyopakwa juu yake hutoka vipele. Acha ikauke siku tatu kivulini penye upepo. Kisha paka mafuta ya kitani yaliyopunguzwa kwa tapentaini, ukianza na ncha zote na kurudia hadi ziache kunywa. Vitambaa vilivyotumika kwa mafuta hayo vitandazwe nje au vilowekwe kwenye maji. Vikikunjwa na kurundikwa pembeni huweza kupata joto na kuwaka vyenyewe.

Mafuta yakishakauka vizuri, ambayo huweza kuchukua siku kadhaa, huja rangi ya kwanza, halafu mikono miwili (tabaka mbili) ya rangi ya mafuta iliyo nyepesi, kila mmoja ukipewa siku nzima. Mkono mmoja mzito hupasuka. Upande wa nyuma wa upapi, ule usioonekana na mtu, nao upakwe kabla haujapigiliwa, kwa sababu ndiko unyevu wa ukuta unakoanzia.

Dirisha la nane naanza Jumatatu ijayo. Usumba nimekwisha kuuagiza kwa jirani anayefua makumbi, na nitaleta picha za mwanya kabla ya kujazwa na baada ya kufunikwa kwa chokaa.